Waliniruhusu Nirudi Nyumbani na Mawe Yangu, Nikagoma Kushuka Kitandani

Watu hutoroka hospitali. Wengine huruka ukuta sindano ya maji ikiwa bado imebandikwa mkononi.

Mimi niliruhusiwa kwa karatasi yenye muhuri, nikagoma kutoka.

Ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi. Walinzi wawili wamesimama miguuni pa kitanda namba sita. Mmoja ananitazama kama mtu anayepima kabati kwa macho, litapita mlangoni au halitapita.

"Kijana, umeruhusiwa. Shuka."

"Nimeruhusiwa mimi tu, au na jiwe langu?"

"Jiwe gani?"

"Lililonileta. Likishuka lenyewe, na mimi nitashuka."

Wodi nzima ikacheka. Hata yule wa kitanda cha nne, mwenye nyuzi mpya tumboni na aliyekatazwa kucheka, alicheka huku akijishika na kutulaani sote.

Sikuwa natania. Nilikuwa naogopa kufa, na nilikuwa na hasira. Vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja, walinzi wawili hawatoshi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi ni fundi wa vigae. Napanga sakafu na kuta. Shule niliiacha njiani, lakini ushairi nimejifunza mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwa vidole huku mwiko ukiwa mkononi. Kazi hizo mbili ni ndugu. Ukikosea mstari wa kwanza, ukuta mzima unakucheka.

Ufundi nilifunzwa na baba. Kazini wanamwita Pimamaji, kwa sababu macho yake yanashinda kile chombo chenyewe cha kupimia usawa. Kigae kikiinama upana wa unywele, baba anajua kabla hajainama. Na ana alama yake. Kwenye kila sakafu aliyowahi kuipanga, nyuma ya kigae cha mwisho huchora kwa msumari mraba mdogo wenye mstari katikati. Hakuna anayeuona. Yeye anajua upo, basi.

Ukumbukeni huo mraba.

Siku ya kwanza maumivu yalinikuta nikiwa nanawa mikono baada ya kazi. Chini ya mbavu za kulia, kama mtu ameingiza kidole na anatafuta kitu alichosahau huko. Yakapanda hadi begani. Nikasema ni gesi. Nikanywa soda.

Nusu saa baadaye nilikuwa nimejikunja juu ya mifuko ya gundi, natapika mpaka kitu ambacho sikumbuki kukila.

Baba alinipeleka hospitali. Wakanipima kwa ile mashine ya kuangalia ndani ya tumbo. Kumbe chini ya ini kuna kimfuko cha kuhifadhia nyongo, na changu kilikuwa kimejaa vijiwe. Kimoja kimeziba mlango, mfuko umevimba.

Wakanitundikia maji, wakanichoma dawa ya maumivu. Dawa ile ilinibeba mzobemzobe. Nilisikia sauti za watu zikiongea juu ya kichwa changu, kisha sikusikia tena.

Nilipozinduka, mambo yalikuwa yameshaamuliwa.

Daktari kijana alinieleza akitazama faili, si uso wangu. Nitamaliza dawa, nitakwenda nyumbani, uvimbe upoe kwanza. Nirudi baada ya wiki sita ndipo mfuko utolewe.

Baba alikuwa pembeni, kofia mkononi. "Umesikia, mwanangu," akasema. "Subira yavuta heri."

Nikatii. Ndiyo, mimi huyu mbishi, nilitii. Nikaacha mafuta, nikala kama sungura, nikahesabu wiki kama mfungwa.

Wiki ya nne, Jumatatu mchana, tulikuwa tunapanga sakafu ya ukumbi mkubwa. Nimepiga magoti, gundi nimeshaitandaza, kigae kiko mkononi. Kile kidole kikarudi. Safari hii hakikuja peke yake, kilikuja na ngumi nzima.

Nilianguka kifudifudi juu ya gundi mbichi. Wenzangu wanasema nilinyanyuliwa mistari ya mwiko ikiwa imejichora shavuni kama ramani. Wanacheka mpaka leo. Nawaruhusu.

Baba alifika wa kwanza. Alinipitishia mkono mmoja kwapani akaninyanyua.

Na huo mkono wake wa pili, ukumbukeni pia. Nitaurudia.

Wodini ilikuwa habari ileile. Homa, maji, sindano. Jumanne homa ikashuka. Jumatano asubuhi daktari kijana akapita, akafungua faili, akasoma kidogo, akaandika.

"Unaendelea vizuri. Utaenda nyumbani leo. Rudi baada ya wiki sita tukupange upasuaji."

Nikamuuliza wiki sita zipi tena. Zile za kwanza sikuzimaliza, jiwe halina kalenda. Akasema huo ndio mpango ulioandikwa kwenye faili. Nikamwambia faili haliumwi.

Akanipa karatasi yenye muhuri, akaenda zake.

Nilikaa nikaitazama karatasi ile. Nikaona picha yangu wiki nne mbele, kifudifudi kwenye sakafu nyingine. Labda siku hiyo baba hayupo karibu. Labda mfuko unapasuka.

Nikaigeuza upande wa pili, mweupe. Nikaomba kalamu. Nikaandika, nikabandika ukutani juu ya kichwa changu. Plasta ya kubandikia nilipewa na mtu wa humohumo wodini, simtaji hata mkinining'iniza.

Jiwe li ndani ya tumbo, mwasema eti lapoa,
Kisu si chombo cha pambo, mbona chapata madoa?
Sihami kwa zenu tambo, hata mje kuning'oa,
Daktari shika chombo, ama koti kulitoa.

Ndipo walipoitwa walinzi.

Mzee wa kitanda cha saba, tuliyempachika jina la Redio kwa sababu hazimwi, alilisoma shairi lile kwa sauti. Akalirudia. Mara ya tatu, ndugu wa wagonjwa waliokuwa koridoni wakaja na simu wakapiga picha. Kabla ya saa saba shairi lilikuwa limefika maabara, jikoni na geti kuu. Nasikia mpaka chumba cha maiti walilipata, ingawa huko hakuna aliyetoa maoni.

Sista wa wodi alikuja, mikono kiunoni. "Una kichwa kigumu wewe."

"Kichwa ni kizima, sista. Kinachoumwa ni tumbo."

Akawaambia walinzi waende wakanywe chai, mgonjwa wa kubebwa juujuu hayuko kwenye orodha yao ya kazi. Akatengeneza shuka langu, akaondoka. Mfukoni mwake niliona kipande cha plasta kinachungulia. Nimesema simtaji.

Saa nane alikuja mtu ambaye sikumtarajia.

Mwanamke mfupi, viatu vya mpira, miwani imekaa kichwani. Wodi ikanyamaza, hata Redio. Huyo ndiye mpasuaji mkuu. Wagonjwa humwita Mama Uzi.

Alisimama akasoma ukuta wangu polepole, midomo inacheza. Nikaona vidole vyake vinahesabu pajani.

"Mizani imetimia," akasema. "Mwenye shairi ni wewe?"

"Ni mimi. Na silifuti."

"Sijakwambia ufute. Nimekuja kwa huyo daktari wa mstari wa nne. Nani hasa unayemwambia avue koti?"

"Aliyesema nisubiri wiki sita."

Akavuta kiti akakaa. Alikuwa na faili langu. Akaniambia kwamba kwa mgonjwa kama mimi, kijana, asiye na ugonjwa mwingine, yeye hupenda kuutoa mfuko ndani ya siku chache tangu maumivu yaanze, mgonjwa akiwa yuko hapohapo kitandani. Wapo anaowangojesha, akasema, kwa sababu ya moyo, au kifua, au wamechelewa kufika. Mimi sikuwa na sababu hata moja.

"Basi mbona mliningojesha?"

Alilifungua faili kwenye ukurasa wa mwezi uliopita, akanigeuzia.

Mwandiko ulikuwa wake. Niliusoma mara mbili. *Apangiwe upasuaji kesho asubuhi.*

Chini yake, mwandiko mwingine, wa yule daktari kijana. *Baba wa mgonjwa ameomba tusubiri uvimbe upoe kwanza. Ameelezwa hatari. Amekubali kwa sahihi.*

Na sahihi yenyewe.

Mraba mdogo. Mstari katikati.

Niliupitishia kidole, kama nyuma ya kigae.

"Alipaswa kukungoja uzinduke akuulize wewe," Mama Uzi akasema. "Wewe ni mtu mzima. Hilo ni kosa letu na nimeshalisemea. Lakini kungoja hakukuanzia kwa huyo uliyempiga kwa shairi."

Nikamuuliza kama bado kuna muda.

"Maumivu yalianza lini?"

"Jumatatu mchana."

Akahesabu. "Kesho asubuhi tuko ndani. Wiki ijayo sikuahidi. Siku hizi za mwanzo mfuko umejaa maji, unabanduka kwenye ini taratibu. Ukiuacha ukauke, unashikana na kila kilicho jirani. Nikiung'oa hapo, nang'oa na ya watu."

Nilimtazama yule mama. Alikuwa ananieleza kazi yangu.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, baba alikuja. Shati safi, kofia mkononi, chupa ya chai ambayo sikuruhusiwa kuinywa. Akasalimia kitanda kwa kitanda kama kawaida yake. Alipofika kwangu akaona shairi, akalisoma, akatabasamu.

"Umewapata," akasema.

"Nimempata nani, baba?"

Nikamfungulia faili. Mama Uzi alikuwa ameliacha kwa makusudi, nadhani, na amesimama dirishani akijifanya anapima upepo.

Baba aliutazama ule mraba wake. Hakukana. Kwa hilo nampa sifa.

"Sikutaka wakuguse ukiwa umevimba," akasema. "Kitu kibichi hakiguswi. Nilikufundisha hivyo. Sakafu haikanyagwi mpaka ikauke."

"Uliniacha niamini wao ndio walioamua."

"Ningekwambia ni mimi, ungenisikiliza?"

Nilimwambia hapana. Nisingemsikiliza hata kidogo, na ndiyo sababu alipaswa kuniambia. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Redio akageukia ukutani, akijitahidi kwa mara ya kwanza maishani kutosikia.

Baba akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaikunja kofia, akaikunjua.

"Karatasi ya upasuaji nimewahi kuisaini. Ya baba yako mdogo. Niliweka mraba wangu, wakamwingiza, wakamtoa amefunikwa. Mkono huu ndio uliosaini. Sasa unataka nikusainie na wewe?"

Habari ya kifo cha baba mdogo niliijua. Habari ya mraba sikuijua.

Mama Uzi aligeuka kutoka dirishani. Aliuliza kwa upole, "Pole sana, mzee. Alikuwa anaumwa nini?"

"Tumbo. Kidole-tumbo."

"Kabla ya kuletwa hospitali, alikaa nyumbani siku ngapi?"

Baba akafikiri. "Tisa."

"Kwa nini tisa?"

"Tulikuwa tunangoja lipoe."

Alilisema, kisha akalisikia. Nilimwona akilisikia. Mdomo ulibaki wazi kidogo, kama mtu aliyepanga ukuta mzima ndipo akauwekea pimamaji.

Ningeweza kunyamaza hapo. Mwana mwema angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa napigania roho yangu, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakwisha.

"Baba. Jumatatu pale ukumbini ulininyanyua kwa mkono mmoja."

"Ndiyo."

"Mkono wa pili ulikuwa unafanya nini?"

Akaitazama kofia yake.

"Nitakwambia, maana niliuona nikiwa nabebwa. Mkono wa pili ulikuwa na mwiko. Ulikuwa unabandua kigae nilichokiangukia. Mwanao anakufa kwapani, na wewe unang'oa kigae. Kwa nini hukukiacha kikauke kwanza?"

Baba hawezi kudanganya kuhusu kigae. Kuhusu mengine anaweza, kama mlivyoona. Kuhusu kigae hawezi.

"Kilikuwa kimepinda," akasema.

"Na kilichopinda?"

Polepole, kama anayetapika jiwe lake mwenyewe, "Kilichokaa sawa ndicho kinachongojwa kikauke. Kilichopinda kinang'olewa kibichi. Kikishashika, unavunja na majirani zake."

Mama Uzi akaishusha miwani machoni akamtazama vizuri. "Mzee, nikistaafu njoo uchukue nafasi yangu."

Sista, aliyekuwa anakusanya vikombe, akapitisha neno bila kusimama. "Udongo uwahi ungali maji. Na hilo nalo mlisahau, wazee?"

Baba alicheka kicheko kifupi kilichokaribia kuwa kitu kingine. Akanyoosha mkono kuomba kalamu aisaini karatasi ya upasuaji.

Nikaiwahi mimi.

"Hii nasaini mwenyewe, baba. Iwe heri, iwe shari, ni mkono wangu. Wewe wa kwako umechoka kubeba."

Nikaandika jina langu lote, herufi moja moja. Kisha nikampa kalamu aweke sahihi ya shahidi. Akachora mraba. Mstari wa katikati ulitetemeka. Ni mara ya kwanza kuona mstari wa baba umepinda, na hatukuung'oa.

Alhamisi saa tatu asubuhi waliniingiza. Taa nyeupe, baridi, mtu ananiambia nihesabu. Nikahesabu mizani. Sikufika nane.

Niliamka na matundu manne madogo tumboni, na chupa ndogo kando ya kichwa. Ndani yake vijiwe kumi na tisa, rangi ya kahawia, kimoja kikubwa kama punje ya mahindi. Redio alikuwa ameshavihesabu na kuvitangaza.

Mama Uzi alisema upande mmoja wa mfuko ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Kuhusu wiki sita, hakutaka kubahatisha kama ningezifikisha. Kuhusu ini, alisema neno moja nililolipenda kuliko yote niliyosikia mwaka ule.

"Ulibanduka."

Nilimwomba radhi kwa mstari wa nne. Nikaukata kwa kalamu mbele yake. Ile mitatu ya juu nikaiacha, kwa sababu ilikuwa kweli na bado ni kweli, na yeye akasema iachwe. Yule daktari kijana naye alikuja, akavuta kiti, akaniuliza naendeleaje akiwa ananitazama usoni. Tumeelewana.

Kwa kugoma sikumwomba mtu radhi, na sitaomba. Ningeshuka kitandani siku ile, faili lingebaki limefungwa na mraba ungebaki gizani.

Baada ya wiki tano nilirudi kazini, ukumbi uleule. Baba hakuniruhusu kubeba kitu kizito kuliko penseli.

Tulifika kona ya mwisho. Aliweka kigae, akakigonga kwa nyundo ya mpira, akarudi nyuma. Mimi sikuona tatizo. Wenzetu walishaanza kukusanya vifaa. Baba akapiga magoti, akachomeka mwiko, akakitoa kigae kizima kikidondosha gundi.

"Kimeinama," akasema. "Bado kibichi."

Hakunitazama. Hakuhitaji.

Enyi mnaosoma huku mmeshika ubavu wa kulia na kusema ni gesi, nendeni mkapimwe. Ukiambiwa mfuko utolewe, uliza siku, na uliza ni nani aliyeipanga. Ukiambiwa ungoje, uliza sababu, maana wapo wenye sababu ya kweli na ukiwa mmoja wao, ngoja kwa moyo mweupe. Lakini usingoje kwa hofu ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo anakupenda kuliko roho yake. Hasa akiwa anakupenda hivyo.

Baba alikipangusa kile kigae, akakigeuza, akachora mraba wake kwa msumari. Kisha, kitu ambacho hajawahi kufanya kwa miaka yote niliyomshikia mwiko, akanipa msumari.

"Weka na wewe chako. Fanya haraka, gundi inashika."

Watu wanacheza harusi juu yake sasa. Hawajui kilichoandikwa chini ya visigino vyao. Ninyi nawaambia.

Kigae kilichopinda, king'oe kingali maji,
Ukingoja kukishinda, gundi hugeuka jaji,
Hofu si ngao ya kinda, hofu nayo ni mlaji,
Ubavu ukikuwinda, uliza mpasuaji.